Jino Limemeguka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ulimi ndio huwa wa kwanza kupata habari. Unatafuna, unahisi kitu kigumu ambacho hakikuwa sehemu ya chakula, unakitema kiganjani, kumbe ni jino lako mwenyewe. Kuanzia hapo ulimi hautulii: unakwenda palipomeguka, unarudi, unakwenda tena, na kila ukienda hofu inaongezeka. Majibu haya ni ya mtu aliye katika hali hiyo. Yanafuata jinsi wasiwasi unavyokuja, si mpangilio wa vitabu vya udaktari, kwa hiyo mwenye haraka na aruke hadi swali lake.

Jino limemeguka sasa hivi. Nianze na nini?

Anza na kichwa, si jino. Kama ulianguka au uligongwa, kisha ukapoteza fahamu hata kidogo, unatapika, unasinzia isivyo kawaida au hukumbuki kilichotokea, nenda hospitali kwanza. Jino litasubiri. Vilevile kama meno ya juu na ya chini hayakutani tena kama zamani, huenda tatizo ni mfupa wa taya.

Kichwa kikiwa salama, sukutua taratibu kwa maji ya uvuguvugu. Fizi au mdomo ukitoa damu, kandamiza kwa kitambaa safi kwa dakika kama 10, bila kufunuafunua kutazama. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa na kuwekwa shavuni kwa nje hupunguza uvimbe.

Kisha tafuta kipande. Watu wengi hukitupa wakidhani hakina kazi tena, ilhali kipande kikubwa kilichokatika bila kusagika kinaweza kugandishwa mahali pake, na hakuna dawa ya kuzibia itakayooana na rangi ya jino lako kukishinda. Kiweke kwenye maziwa, au hata maji, kisikauke, uende nacho. Usipokiona na mdomo umechanika, mwambie daktari, maana vipande vya meno hujificha ndani ya nyama ya mdomo na jeraha likafunga juu yake. Ukikimeza hakuna neno, kitatoka chenyewe. Lakini ukianza kukohoa mfululizo au kupumua kwa mluzi baada ya ajali, huenda kimeingia njia ya hewa, na hapo ni hospitali mara moja.

Ukingo ukikwaruza ulimi, ufunike kwa nta ya meno au chingamu isiyo na sukari hadi utakapoonwa.

Nahisi kama nusu ya jino imeondoka. Kweli?

Huenda, ila usiuamini ulimi. Ncha yake ni miongoni mwa sehemu zenye hisia kali kuliko zote mwilini. Hutambua nukta mbili zilizoachana kwa takriban milimita 1 tu. Ndiyo maana mmeguko mdogo huhisiwa kama pango. Chukua kioo na tochi ya simu, kausha jino kwa kitambaa safi, utazame kwa macho. Wengi wakishatazama hupumua.

Hata hivyo, ukubwa wa pengo hausemi mengi. Jino laweza kupoteza pembe nzima na likatengenezwa kwa mkao mmoja wa kiti, na jingine lenye tundu dogo kama ncha ya sindano likahitaji kutibiwa mpaka kwenye mzizi. La kuuliza ni limevunjika hadi wapi ndani.

Nitajuaje limevunjika hadi wapi?

Tazama rangi, kisha sikiliza maumivu.

Jino lina matabaka. La nje ni enameli, tishu ngumu kuliko zote mwilini: takriban asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Haina neva. Kama palipomeguka ni peupe tupu na kero yako ni ukali wa ukingo tu, huenda umepoteza enameli peke yake.

Chini yake ipo dentini, yenye umanjano. Hii imejaa vijia vidogo mno, maelfu kwa maelfu katika kila milimita ya mraba, vinavyoelekea ndani. Ikiachwa wazi, maji baridi, hewa na vitu vitamu huchoma ghafla. Ukiona umanjano katikati ya weupe, na ukivuta pumzi kwa mdomo jino linashtuka, umefika hapo.

Ndani kabisa kuna kiini, yalipo mishipa ya damu na neva. Dalili yake ni nukta nyekundu au ya waridi katikati ya jino, au damu inayotoka kwenye jino lenyewe wala si kwenye fizi. Hapo usilale nalo. Kila saa linalokaa wazi, bakteria wa kinywani wanapata nafasi.

Kuhusu maumivu, cha kupima ni muda wake kuliko ukali. Maumivu yanayokatika sekunde chache baada ya kuondoa kitu cha baridi huashiria kiini kilichokasirika lakini bado kizima. Yanayobaki kwa dakika kadhaa, yanayopigapiga, yanayokuamsha usiku au kuzidishwa na kinywaji cha moto, hayo mara nyingi ni ya kiini ambacho hakitapona chenyewe.

Haliumi hata kidogo. Basi niache?

Hapa ndipo watu wanapojidanganya zaidi. Jino lisilouma laweza kuwa ni zima, na laweza pia kuwa limekufa. Kiini kikishakufa hakina cha kuumia nacho; mtu hufurahi kwamba maumivu yaliyomsumbua wiki nzima yameisha, kumbe neva ndiyo iliyoisha, na usaha unajikusanya polepole kwenye ncha ya mzizi. Jino lililogongwa likaguliwe hata kama limetulia.

Mmeguko mdogo wa enameli, mweupe na mkavu, ambao hakuna ajali iliyousababisha, hauna dharura. Lakini uonwe.

Naweza kusubiri kwa muda gani?

Ukiona wekundu ndani ya jino, au jino linatikisika, au limesogea kutoka mahali pake: leo. Umanjano na mshtuko wa baridi: siku moja au mbili, na katikati ya muda huo tafuna kwa upande mwingine. Weupe tu: miadi ya kawaida inatosha, wiki moja au mbili haziharibu kitu.

Kuna jambo lisilosubiri hata asubuhi. Uvimbe wa uso au wa chini ya taya unaoongezeka, homa, mdomo usiofunguka vizuri, shida ya kumeza au kupumua: nenda chumba cha dharura cha hospitali, usiku huohuo, hata kama jino lenyewe haliumi sana. Maambukizi ya jino yakishuka shingoni huweza kubana njia ya hewa.

Jino halitajiotea lenyewe? Mfupa si huunga?

Mfupa huunga kwa sababu una seli hai zinazoujenga upya. Seli zilizotengeneza enameli zilitoweka jino lilipochomoza, kwa hiyo hakuna fundi aliyebaki. Floridi iliyomo kwenye dawa ya meno husaidia kurudisha madini pale enameli ilipoanza kudhoofika, lakini hairudishi kipande kilichoondoka. Kiini chenyewe huweza kujiwekea dentini mpya kwa ndani kama ngao, na hiyo ndiyo sababu ya kukilinda mapema kingali hai.

Ni mtoto. Meno ya utoto si yatang'oka tu?

Yatang'oka, ndiyo, lakini chini ya kila jino la mbele la utotoni kuna la ukubwani linalojengeka, na pigo au usaha wa la utotoni unaweza kuliachia doa au kasoro. Mtoto apelekwe, hata kama anacheza kama kawaida.

Kwa mtoto wa miaka 7, 8 au 9, jino kubwa la mbele la juu huwa limechomoza tu juzi. Na ndilo linaloumia kuliko mengine, kwa kuwa limejitokeza mbele na mwenyewe anakimbia huku na huko. Mzizi wake bado haujakamilika. Huchukua takriban miaka 3 baada ya jino kuchomoza ndipo ufunge. Daktari atafanya kila awezalo kiini kisife, ili mzizi uendelee kukua. Kiini kikiwa kimefunuka, mara nyingi huondolewa sehemu ndogo tu ya juu, kama milimita 2, kisha hufunikwa kwa dawa. Jino la umri huo lina damu nyingi na hupona kwa namna ambayo la mtu mzima hupata kwa shida.

Na likitoka lote, na mzizi wake?

Hili si kumeguka tena, na hapa dakika zinahesabika. Kama ni jino la ukubwani, lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Likiwa na uchafu lisuuze kwa sekunde chache kwa maziwa au maji safi, bila kulisugua, ulirudishe mahali pake uso wake ukiangalia mbele, kisha ng'ata kitambaa. Huwezi? Liweke kwenye maziwa, ukimbie kwa daktari. Usilihifadhi ndani ya maji, maana huua seli zilizoganda kwenye mzizi, na usilifunge kwenye karatasi likakauka. Likikaa kavu zaidi ya saa 1, seli hizo huwa zimekufa karibu zote, ingawa hata hivyo nenda nalo. Jino la utoto halirudishwi kamwe.

Daktari atanifanyia nini nikifika?

Kwanza atauliza: ilikuwaje, lini, wapi. Kisha atatazama, atagusa jino kuona kama linacheza, ataligonga taratibu, na kuliwekea kitu cha baridi sana kujua kama neva inajibu. Usishangae ukiambiwa haikujibu siku ya kwanza; jino lililopigwa huweza kuzubaa kwa wiki kadhaa kisha likarudi, ndiyo maana utaitwa tena baada ya wiki 6 hadi 8, na tena baada ya mwaka.

Atapiga picha ya eksirei kutazama mzizi na mfupa. Mionzi ya picha moja ndogo ya jino ni kidogo sana, haizidi sana ile unayoipata kutoka kwenye mazingira kwa siku moja ya kawaida.

Mwambie dawa unazotumia, hasa za kufanya damu iwe nyepesi na za mifupa, mzio ulio nao, kisukari, tatizo la vali ya moyo, ujauzito. Mwambie pia kama unaogopa. Hilo nalo ni taarifa ya kitabibu.

Matibabu yenyewe ni yapi?

Inategemea kina, tena mara nyingi ni mepesi kuliko ulivyojiandalia moyoni.

Mmeguko mdogo husawazishwa tu. Ukingo unalainishwa, dakika chache, bila sindano, umekwenda zako.

Mmeguko wa wastani hujengwa kwa dawa ya kuzibia yenye rangi ya jino. Inafaa kuelezea, kwa kuwa mtu akijua kinachoendelea mdomoni mwake hashiki mikono ya kiti kwa nguvu sana. Daktari huchagua rangi mwanzoni, kabla jino halijakauka, kwa sababu jino likikauka huwa jeupe kuliko kawaida yake. Halafu hupaka asidi ya fosforiki, kwa kawaida ya asilimia 37, kwa sekunde 15 hadi 30, inayoikwaruza enameli ikawa na vijishimo visivyoonekana kwa macho. Hutiwa gundi, kisha dawa laini kama udongo wa kufinyanga, tabaka kwa tabaka lisilozidi takriban milimita 2, na kila tabaka hugandishwa kwa mwanga wa buluu kwa sekunde kama 20. Mwisho husuguliwa ing'ae. Mbinu ya asidi ilielezwa mara ya kwanza na daktari wa meno wa Marekani, Michael Buonocore, mwaka 1955, na kabla ya hapo ilibidi kuchimba kwa kina hata sehemu ya jino isiyoharibika ili dawa ipate pa kushika.

Gego lililopoteza ukuta mzima huhitaji kofia ya jino, inayolivika lote na kulibana lisipasuke zaidi. Meno ya mbele pia huweza kuwekewa gamba jembamba la kauri, ila ushauri wangu ni kutolikimbilia kwa mmeguko mdogo, kwani mara nyingi enameli isiyo na kasoro husagwa ili lipate nafasi, na enameli, kama tulivyosema, hairudi.

Kung'oa ni pale jino limepasuka kushuka mzizini, au limebaki kidogo mno kushikilia kitu. Ukiambiwa ling'olewe, una haki kuuliza kama kuna njia nyingine, na kuomba maoni ya pili. Gharama nayo iulizwe kabla ya kuanza, si wakati mdomo umeganda.

Nimeambiwa mzizi utibiwe. Nimesikia ni mateso.

Sifa hiyo mbaya imetokana zaidi na maumivu yanayowapeleka watu huko kuliko kazi inayofanyika huko. Jino hutiwa ganzi, kiini kilichokufa au kinachooza huondolewa, mifereji ya mzizi husafishwa kwa tupa ndogo nyembamba na dawa, kisha huzibwa. Jino hubaki mahali pake, linatafuna. Baadaye huweza kuuma ukiling'ata kwa siku mbili tatu, kama pale misuli inapouma baada ya kazi. Gego lililofanyiwa hivyo kwa kawaida hufaa kuvikwa kofia, maana limepoteza sehemu kubwa ya mwili wake na huvunjika kwa urahisi.

Naogopa sindano kuliko kitu chochote.

Una wenzako wengi, na wengine ni watu wazima wasioogopa jambo lingine lolote. Omba fizi ipakwe kwanza ganzi ya jeli na iachwe dakika moja au mbili. Omba sindano isukumwe polepole. Kinachouma ni dawa kuingia kwa kasi, zaidi ya ncha yenyewe. Kubalianeni ishara: ukiinua mkono wa kushoto, kazi inasimama. Watu wengi wakishajua wanaweza kusimamisha, hawainui mkono kabisa. Baadaye mdomo utabaki mzito kwa saa 2 hadi 4, usile mpaka uzito uishe usije ukajing'ata shavu.

Sijaenda kwa daktari wa meno miaka mingi. Naona aibu.

Hakuna daktari wa meno ambaye hajaona kinywa kibaya kuliko chako. Akikusuta, tafuta mwingine.

Nimebaki na ufa tu, hakuna kipande kilichotoka.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema, lakini ufa wa jino una ukaidi wake: hauzibiki kama wa nyumba. Dawa haiwezi kuunganisha kuta mbili zilizoachana. Kinachosaidia ni kulivika jino kofia ili kuta zisiendelee kutanuka. Mistari myembamba ya wima kwenye meno ya mbele, inayoonekana ukimulika kwa pembeni, watu wengi wanayo na haina madhara. Ufa wa kutiliwa shaka hujitambulisha hivi: unang'ata kitu, husikii maumivu, unapoachia, mchomo mkali. Picha ya eksirei mara nyingi haiuoni, kwa hiyo eleza dalili hiyo kwa maneno, usitegemee picha iseme.

Je, gundi ya dukani, mafuta ya karafuu, aspirini, antibiotiki?

Gundi, hapana. Ni sumu kwa tishu, nayo huganda mahali pasipotakiwa.

Mafuta ya karafuu hutuliza kweli, kwa sababu ya kemikali iitwayo eujenoli. Shida ni kwamba yakizidi huchoma fizi, na eujenoli ikibaki kwenye jino huzuia dawa ya kuzibia kuganda vizuri. Ukiyatumia, mwambie daktari.

Aspirini iliyobandikwa juu ya fizi huiunguza ikawa nyeupe na kuchunika. Ya kumeza nayo asipewe mtoto. Kwa maumivu, parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti ndiyo salama zaidi kwa wengi. Ibuprofeni hufanya kazi vizuri kwa meno lakini si kwa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au ujauzito, bila ushauri.

Antibiotiki haitibu jino lililomeguka. Ni dawa ya maambukizi yaliyosambaa, tena pamoja na kulitibu jino lenyewe. Ukimeza za jirani zilizobaki, utakuwa umepoteza muda tu.

Nina ujauzito. Nisubiri nijifungue?

Usisubiri. Ganzi na picha ya jino, kwa tahadhari za kawaida, zinaruhusiwa. Maambukizi yakiachwa ndiyo yenye hatari. Miezi mitatu ya katikati ndiyo mwili hustahimili kiti vizuri, lakini dharura haina mwezi.

Mbona limemeguka bila kugongwa?

Jino zima haliachii kipande bure. Pengine lilikuwa limeoza kwa ndani chini ya enameli, au lina dawa kubwa ya zamani iliyoacha kuta nyembamba. Pengine unasaga meno usingizini. Uliza unayelala naye chumba kimoja, na ujichunguze kama taya huchoka asubuhi. Asidi nayo hulegeza enameli: vinywaji vya kuchachuka vya mara kwa mara, kiungulia kinachopanda hadi mdomoni, kutapika. Baada ya kutapika usipige mswaki papo hapo, sukutua kwa maji kwanza. Anayesaga meno hutengenezewa kinga ya kuvaa usiku, na mchezaji ya kuvaa mchezoni. Bila hivyo utaziba leo, na mwakani utarudi na jino la pembeni yake.

Limetengenezwa. Litadumu?

Dawa ya rangi ya jino kwa mbele mara nyingi hukaa miaka 5 hadi 10. Dawa yenyewe haiozi, lakini jino linaloizunguka linaweza. Dawa hiyo hupokea rangi ya chai, kahawa na sigara, na haiitikii dawa za kung'arisha meno, kwa hiyo kama unataka kung'arisha, ng'arisha kwanza, usubiri takriban wiki 2, ndipo ujaze. Usifungue chupa kwa meno, usikate uzi. Jino likianza kugeuka kijivu miezi baadaye, au kipele kinachotoa usaha kikitokea kwenye fizi juu yake, rudi hata kama hakuna maumivu.

Ulimi utaacha lini kwenda pale?

Siku chache, kwa kawaida. Kwanza utagundua kila mstari wa dawa mpya, utaona jino limekuwa nene, halafu asubuhi moja utakuwa umesahau. Kama wiki 2 zimepita na bado kuna sehemu inayokwaruza, au jino hilo ndilo linalogusa kwanza ukifunga mdomo, rudi. Kulisawazisha ni kazi ya dakika chache, na hakuna sindano.